Shibiri Moja

Watu wa bara hutucheka.
Baridi gani hiyo, ya Mombasa?
Hawajalala Mwakirunge mwezi wa saba,
manyunyu yakipenya tundu za waya,
kusi ikikung'uta makuti,
na vifaranga mia tatu wa siku nne
wamepandana pembeni kama wanaokimbia moto,
wa chini anakufa kwa kukanyagwa,
wa juu kwa baridi.

Chengo, niliyemwachia ziwa la mama,
ana huruma iliyomzidi kimo.
Usiku ule stima ilipotea saa tatu, taa ya joto ikazima.
Hakuniamsha.
Alichukua magunia ya chakula cha kuku,
akayashona kwa shazia,
akaziba upande wa kusi, akaziba upande wa pili,
akaziba mpaka ule uwazi wa juu
ambao fundi Mwakombo aliuacha makusudi
na sote tukamwona mvivu.
Kisha majiko mawili ya vifuu, mekundu, bila moshi.
Bila moshi: ndiyo sifa ya kifuu.
Akajilaza katikati yao,
mlezi na malezi yake.

Mimi kilichoniamsha ni kimya.
Mfuga vifaranga hulala ndani ya kelele
kama mwenye nyumba kando ya mashine ya kusaga;
ikikatika, macho yanafunguka yenyewe.
Saa kumi. Mvua. Nilitoka pekupeku.
Gunia la kwanza nililing'oa kwa meno.
Nikamburura kwa makwapa mpaka uani,
matope hadi masikioni, mvua ikimpiga usoni,
akatapika, akafumbua jicho moja, akasema:
"Funga mlango, dada. Watapata baridi."

Zahanatini hawakutugombeza.
Daktari aliuliza tu, mlikuwa wangapi kwenye hewa hiyo?
Nikahesabu: kijana mmoja, vifaranga mia tatu, majiko mawili.
"Basi," akasema, "jiko nalo hupumua.
Na halijui kugawana."

Tulizika themanini na mmoja chini ya mgomba.
Waliobaki hai, wengi wao,
ni wale waliosukumwa na wenzao hadi mlangoni,
kwenye ufa,
pale penye upepo tuliokuwa tukipigana nao.

Sasa jioni nachemsha maji.
Tunajaza madumu, tunayavisha matambara,
tunayalaza kwenye maranda,
na vifaranga huyakumbatia
kama mama asiye na manyoya.
Jiko, likiwa lazima, hukokwa nje,
huingia na mtu aliye macho, hutoka naye.
Chengo halali tena bandani.
Huvaa koti la marehemu baba, lenye kifungo kimoja,
huenda, hutazama, hurudi akitetemeka.

Magunia aliyafumua mwenyewe, uzi kwa uzi.
Akapanda kigoda, akapima kwa mkono juu ya ukuta:
kidole gumba hapa, kidole cha mwisho pale.
Shibiri moja, pande zote nne.
Kusi huingia hapo ikatuuma masikio.
Na iume.

Kila akitoka bandani namwambia,
"Funga mlango, watapata baridi."
Mwaka wa pili huu.
Hajacheka bado.