Ukuta wa Baba

Muuzaji wa Mbuyuni alinisifia ruta, antena nne kama pembe:
"Hii, dada, inafika mpaka kwa jirani."
Nikamuuliza kama ameshauona ukuta wa mzee Aikaeli,
kule Kiboriloni, mawe ya mtoni, unene wa dhiraa.
Alipoujenga alijigamba: mwizi hapiti.
Kweli mwizi hakupita. Wala Wi-Fi.

Nikaiacha ruta na pembe zake.
Nikachukua swichi ya matundu matano, nyepesi kama kiberiti,
na waya mita kumi na nane:
nyumba nilishaipima kwa kanga, kanga kumi na mbili.
Kompyuta ni mbili tu, yangu ya hesabu za kahawa
na ya Ndeshi, chumba cha nyuma.
Matundu matatu yatabaki wazi. Yabaki.

Fundi akatoa drili. Baba akainua fimbo:
"Hamnitoboi!"
Akasogeza kabati mwenyewe,
akachomoa kitambaa kilichokauka kwa masizi.
Tundu, la kidole gumba.
"Hapa ulipita waya wa redio. Mwaka wa vita."

Upande wa pili Ndeshi aliuvuta
polepole, kama anayezalisha mbuzi.
Kitaa cha kijani kikakonyeza.

"Inasemaje?" Baba akauliza.