Siku ya Ishirini na Mbili

Mimi si hakimu. Nashika muhuri wa mpira
katika masjala ya mahakama ya Gällivare,
na kila asubuhi, kabla ya kahawa,
nazungusha gurudumu la tarehe kwa ukucha wa gumba.
Hapo ndipo siku inapoanza.
Jua, majira haya, huja baadaye.

Hukumu ilitoka tarehe nne Februari:
kisima ni cha Sixten Lahtivaara,
na njia ya kukiendea ni yake,
na Ingegerd Kero alipe gharama za kesi,
zote ila sehemu ndogo.
Nyuma ya hukumu kuna karatasi isiyosomwa na watu:
wiki tatu.
Si wiki tatu za kuandika,
wala za kulamba bahasha na kuitia sandukuni.
Ni za barua kufika, kulala hapa, mezani pangu,
Jumatano ya tarehe ishirini na tano.
Ingeangukia Jumapili, sheria ingemngoja hadi Jumatatu.
Jumatano haimngoji mtu.

Alhamisi nikafungua bahasha yake.
Siku hizi barua hutembea siku mbili;
bibi alihesabu moja, kama zamani.
Nikapiga muhuri. Ishirini na sita.
Mkono wangu haukutetemeka, na hilo
ndilo ninalolikumbuka usiku.

Lakini Jumatano ile ile, saa tisa alasiri,
wakili wa Sixten alikuwa ameleta rufaa yake:
ile sehemu ndogo ilimkereketa,
krona elfu kumi na moja.
Sheria ni msumeno, sawa,
ila msumeno huu una jino moja lililopinda:
mmoja akikata rufaa,
mwenzake hupewa wiki moja zaidi
akate yake juu ya ile.

Karani haruhusiwi kushauri.
Ingegerd alikuja Jumatatu kwa basi la Nattavaara,
kofia mkononi, theluji ikiyeyuka juu ya viatu,
akauliza kama kuchelewa siku moja ni kuchelewa.
Ni kuchelewa, nikasema.
Nikamwekea mbele karatasi ile isiyosomwa,
na kidole changu, kwa bahati tu,
kikapumzika juu ya aya ya nne.
Akasoma. Akanitazama. Akaomba kalamu.
Aliandika amesimama, mistari sita,
nami nikaupiga muhuri kwa nguvu kupita kiasi,
mpaka Ellen wa chumba cha pili akachungulia.

Tarehe kumi na tisa Machi Sixten akaiondoa yake.
Sentensi mbili. Sababu haihitajiki.
Krona elfu kumi na moja si kitu
kwa mtu anayetaka kulala usingizi na kisima chake.
Na rufaa ya Ingegerd, iliyopanda mgongo wa ile,
ikaanguka pamoja nayo
kama mtoto aliyebebwa na mtu anayeteleza.
Umeå hakuna jaji aliyefika ukurasa wa pili.

Alirudi Aprili. Hakulia, hakulaani.
Alitaka nakala ya barua yake ya kwanza,
ile iliyochelewa; hakuwa amebaki na nyingine.
Nikaitoa kwenye jalada.
"Kuna aliyeisoma?" akauliza.

Inasema baba yake alichimba kisima kile
majira ya baridi, ardhi ikiwa chuma.
Kila jioni aliwasha kuni juu ya udongo,
kila alfajiri akafagia majivu
na kuchimba kile moto ulichokilainisha,
shubiri mbili, siku nyingine moja,
kisha akawasha tena.
Siku ya ishirini na mbili maji yakaja,
machafu, na mama yake akayanywa hivyo hivyo.

"Mimi," nikamwambia. "Mara mbili."

Akakunja nakala, akaitia ndani ya kofia,
akauliza bei.
Kurasa tatu.
Bure.