Pasi ya Barafu

Watoto wa nchi za baridi, nasikia, huteleza juu yake.
Sisi wa Majengo barafu tunaijua kwa Mama Nabintu:
imelala chini ya sambaza, inanuka ziwa,
faranga mia tano kipande,
bure ukiwa na uso wa huruma.

Uwanja wetu wa hoki ni sakafu ya depo isiyokwisha:
simenti, nyufa tatu, ukuta mmoja,
na pembeni mawe meusi ya volkano
yanayokula magoti bila kuuliza jina.
Magongo ni mabaki ya mikaratusi
kutoka kwa fundi Musubao, mchonga chukudu.
Langu lina tundu la msumari. Likienda kasi, linapiga mluzi.

Kisahani tulichokata kwenye tairi
kiliibiwa Jumanne.
Ndipo Kyakimwa, nahodha, akaja na sufuria:
“Leo tunacheza na hiki.
Pasi kumi kabla hakijafa.”

Mimi waliniita Nyundo.
Nilitoa pasi kama mtu anayefukuza mbwa,
na mwenzangu akikosa, nilimtukana mwenzangu.
Pasi yangu ya kwanza siku ile
ilimfikia Bauma ikiwa vipande saba.
Wote wakanitazama.
Nilitafuta wa kumlaumu;
ushahidi ulikuwa unayeyuka miguuni pangu.

Mama Nabintu akatupa kipande kingine, kidogo,
na tusi kubwa juu yake.

“Usikipige,” Kyakimwa akasema. “Kisindikize.
Ukipokezwa bidoni ya maji pale mteremkoni,
mkono wako hurudi nyuma kidogo, sivyo?
Basi gongo nalo ni mkono. Lirudishe.
Na usimtafute Bauma alipo.
Alipo ameshapaacha.”

Moja. Mbili.
Mluzi wa gongo langu ukanyamaza.
Tatu, nne, barafu ikawa kama jino la mtoto,
na nyuma yake ikaacha mstari wa maji
uliotusema mbele ya watu:
hapa ilipinda, hapa Bauma alichelewa,
hapa mimi,
hapa mimi tena.

Ya nane niliitoa bila kuangalia chini.
Ya tisa siikumbuki.
Ya kumi ilimfikia Kyakimwa ikiwa tone,
tone lenye haraka,
naye akalipokea kama anayepokea siri,
akapiga.

Ukutani pakaloa mahali padogo,
pana kama kidole gumba.
Bauma akasema goli. Kipa akasema mate.
Tulibishana mpaka jua likapakausha
na hakuna aliyeweza kuapa.

Jumamosi tulipata tairi jingine.
Kisahani chake ni kizito, hakivunjiki,
hata ukikipiga kwa hasira ya wiki nzima.
Nami bado nakitoa haraka, polepole,
kama kitu ambacho, nikikishika mno,
kitaniishia mkononi.