Sekunde Kumi na Moja

Kitabu chasema sekunde tisa.
Tisa kutoka lori hadi jitu,
kutoka magurudumu kumi na mawili hadi miguu miwili
na kichwa kirefu kuliko mikaratusi ya Lanet.
Waliokiandika hawajawahi kuvuta pumzi Kariandusi,
ambako vumbi jeupe la mgodi huingia hata ndani ya soksi.

Kwetu ni kumi na moja.
Nimezihesabu mimi, Koplo Nasambu wa gereji namba nne,
kwa saa ya babu, aliyopewa alipostaafu
kiwanda cha karatasi, Webuye.

Ya kwanza, mgongo wajikunjua kwa kishindo cha mabati.
Ya tatu, ekseli zageuka mapaja.
Ya tano, kifua chafunguka, na dereva
abaki wazi kama kiini bila ganda.
Ya sita, ya saba, ya nane: hapo si gari, si mtu,
ni rundo la nia tu.
Kisha goti la kushoto hukwama, likangoja kubembelezwa.
Ndiyo maana tulimwita Shangazi:
hainuki mkekani bila kulalamikia magoti.

Niliandika barua tatu kuomba mpira mpya wa goti.
Ya kwanza ilijibiwa: Subiri.
Ya pili: Rejea jibu la kwanza.
Ya tatu ilirudi na duara la kikombe cha chai.

Luteni Cherogony alijua.
Jioni alikuja na mursik katika chupa ya soda,
akaketi juu ya unyayo wa Shangazi, akauliza,
"Leo ngapi?"
"Kumi na moja."
"Basi nina sekunde mbili za kutubu kuliko wenzangu."
Akacheka. Nami nikajifanya natafuta spana.

Usiku wa Solai, nzige wa adui
walivuka ukingo wa Menengai, kila mmoja na moto tumboni.
Redio ikaamuru: Inukeni!
Majitu sita yakainuka. Yalipendeza, nisiseme uongo:
taa mabegani, mvuke viunoni,
mahindi ya watu yakiwafikia vifundoni.
Mawili yaliguswa kwenye sekunde ya tano.

Cherogony hakuinuka.
Alikaa lori.
Alizima taa, akaenda kinyumenyume
katikati ya mkonge, mlango wa nyuma wazi,
akiokota watu mmoja mmoja
kama mtu anayeanua nguo matone yakianza.
Kumi na tisa. Na mbuzi, hadi leo hatujui wa nani.
Redio ilimtukana mpaka ikakauka sauti.

Alfajiri alishuka, akagonga goti la Shangazi kwa kiganja.
"Leo halikunisumbua," akasema, akaenda kulala.

Walimhamishia Lodwar, akahesabu mapipa ya maji.
Nishani wakampa Shangazi.
Walitaka awe langoni, wageni wapige picha,
na walitaka asimame, mkono juu, kichwa kikitazama kaskazini.
Amri ya kulehemu magoti ikaja kwangu.

Nililehemu.
Amri ni amri, na mshahara ni tarehe ishirini na tano.
Cheche ziliingia kiatuni; sikuacha.

Siku hizi wanafunzi huja kwa mabasi kutoka Bahati na Njoro.
Mwalimu husema: tazameni alivyosimama imara vitani.
Wao hutazama. Mmoja huwa anataka kwenda chooni.
Mimi nafuta mikono kwa pamba, nanyamaza.

Lakini Ijumaa, zamu ikiisha,
nachukua pampu ya grisi na ngazi ndefu,
nalitia grisi goti la kushoto,
lile lisilokunjika tena.
Mlinzi mpya aliniuliza ni ya nini.
Nikamwambia ashike ngazi.