Kama Ilivyokuwa Oktoba

Ketill, ulinipigia kutoka Akureyri mara tatu,
na mara ya tatu hukunisalimu hata:
"Shangazi, umeshaitengeneza?"

Sikuwa nimeitengeneza.
Flashi nyumbani ilikuwa moja tu,
ya kampuni ya mbolea, tuliyogawiwa kwenye maonyesho,
na ndani yake picha za kondoo wakishuka mlimani
mwaka ule theluji ilipowatangulia.
Kompyuta ikauliza kwa adabu ya karani wa benki:
Vyote vilivyomo vitafutwa. Uendelee?
Nikazihamisha picha kwanza. Mbili zikakataa kuhama.
Nikabonyeza Ndiyo.

Mkate mweusi ukiiva jikoni, mstari wa kijani ukatambaa:
asilimia nne, tisa, kumi na moja,
ukagoma kwenye kumi na moja
kama kondoo aliyeliona daraja.
Oddur akapita na soksi mkononi, akacheka:
"Kompyuta haifi, mke wangu. Hufa kondoo."

Nikafuata maneno yako nyuma ya bili ya umeme.
Zima. Chomeka. Washa, kidole kwenye F12, usiachie.
Skrini nyeusi, maandishi meupe,
na kile kitu kidogo kuliko kidole gumba
kikaiamsha mashine nzima bila kuigusa diski yake,
kama mgeni anayejua swichi za taa zilipo.
Kisha nakala ya kila kitu ikaenda diski ya nje:
kondoo elfu mbili mia sita, mama zao, bibi zao,
alama za masikio za mashamba kumi na manne ya bonde hili.
Nikaandika kwenye plasta: OKOA. 19 Oktoba.
Nikaitia flashi kwenye kopo la kahawa, juu ya friji.

Desemba unaijua.
Ulibeba jeneza upande wa kushoto.

Januari diski ikaanza: tik. Tik.
Mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa.
Asubuhi haikuwaka.
Nikashusha kopo. Nje upepo ulikuwa unang'oa mabati ya Hallbera;
ndani, saa nne nzima, umeme ukipepesa,
nikiuomba usinikatie, mimi nisiyeomba hata kanisani.

Ikarudi, Ketill. Yote.
"Kama ilivyokuwa Oktoba!" ulipiga kelele kwenye simu,
na mimi nikakushukuru,
sikuwa nimeyasikia maneno yenyewe.

Mambo ya Desemba hayamo: dume gani alipandishwa kwa jike yupi.
Ninayaokota katika kijitabu cha Oddur,
penseli, harufu ya ugoro,
tisa zake zikifanana na nne.
Nusu ya kurasa ni tupu, na sababu yake naijua.

Na juu kabisa ya daftari, penye Mtunzaji,
pale nilipokwisha kuandika Steinvör
siku ya tatu baada ya mazishi,
pameandikwa Oddur.
Kila nikiwasha inamkaribisha.

Kubadilisha ni kubonyeza mara mbili.
Najua. Usinipigie kwa hilo.
Mwezi wa tano majike yataanza kuzaa;
nitabadilisha kabla mwanakondoo wa kwanza hajadai namba.

Na ile flashi mpya unayonihimiza, yenye hali ya sasa,
nimeitengeneza jana usiku, nimeijaribu, inawaka.
Nilinunua nyingine dukani.
Ile ya mbolea iko koponi mwake.
Siifuti.