Ubao wa Asubuhi

Saa kumi na moja, jogoo wa Upanga hajakohoa,
nashika chaki niandike hali ya uwanja.
Katibu anataka maneno matatu:
Mkavu. Mwepesi. Wazi.
Lakini ubao ni mpana, na mimi usingizi umekwisha.

Basi someni.

Shimo la kwanza, umande.
Mpira wa mapema utaacha mstari mweusi nyuma yake
kama konokono aliyechelewa kazini,
na kila anayefuata atajua mwenzake alikosea wapi.

La tatu lina maji. Si bwawa la kwenye ramani.
Ni masika tu, yamekaa
kama mgeni aliyekwisha kula na hataki kuaga.
Ukitumbukia, okota, sogea, usitafute wa kumlaumu.

Nyasi mnazokanyaga ni ukoka.
Aliyechora uwanja alitaka nyasi za kwao,
zikaja mbegu kwenye mifuko ya bluu,
zikaota, zikapendeza wiki sita,
kisima kikaanza kutoa chumvi, zikaungua.
Ukoka haukualikwa. Ulipita chini ya uzio.
Leo tunaukata milimita nne
tunauita grini.

La saba mnalitukana kila Jumamosi, ngoja niwaambie.
Yule mchoraji alikuja Julai.
Akasimama pale na leso mkononi,
kusi ikimpiga shavu la kushoto,
akachimba mchanga kulia, kushoto akaacha wazi
kwa mwoga kupitia.
Nusu ya mwaka kazi yake imenyooka kama hesabu.
Disemba kaskazi inaingia, inageuza maneno:
mtego unabaki bila mgeni,
na njia ya mwoga inamwaga mipira mtaroni.
Tulitaka kumwandikia.
Tukaona haya. Penseli yake ilijua upepo mmoja.

Kunguru wako kumi na wanne kwenye mkungu.
Wanapenda mipira mipya, ya zamani wanaidharau.
Mbwana, kedi wa Bi Ngonyani, alipanda kuzibua mfereji wa paa
akateremka na thelathini na mmoja ndani ya shati.
Sheria inasema weka mwingine palepale.
Haisemi umwambie nini kunguru.

Sasa la tisa.

Kila alfajiri natoboa tundu jipya, nafukia la jana
kwa kipande kile kile cha udongo,
nakikandamiza kwa kisigino, namwagia maji kidogo,
na kufika saa nne huwezi kujua jana ilikuwa wapi.
Bendera naiweka nitakapo. Hiyo ndiyo enzi yangu nzima.

Mnachuchumaa. Mnaning'iniza fimbo, mnafumba jicho moja.
Mnanong'onezana: mpira hapa hufuata bahari.
Bahari haihusiki.
Walipokuwa wanasawazisha kilima hiki
mama yangu, Mwamvua, aliwapikia vibarua maharage
kwenye mafiga matatu, mapipa mawili,
na majivu akayamwaga shimoni, pale, hatua sita kutoka mlipo.
Walilifukia Ijumaa ya mshahara, mbiombio,
mkono mmoja koleo, mwingine unahesabu noti.
Majivu hayashikani.
Ardhi inashuka unene wa ukucha kila mwaka
na mpira, hata wa bingwa, ukiishiwa nguvu
unainama kuelekea jiko la mama.

Leo ni fainali. Mwenyekiti Mkondya kaniambia jana,
"Chausiku, weka mahali pa haki."
Nimepima kwa nyayo.
Nimeweka hatua mbili juu ya majivu.
Haki ipo, ila imeinama kidogo.

Honi getini. Ni gari la katibu.
Nafuta yote kwa kiganja, chaki inanipanda hadi kiwiko,
naandika kwa herufi kubwa:

MKAVU. MWEPESI. WAZI.

Anasoma, anatikisa kichwa kukubali, anapita.
Haoni viatu vyangu, nilivyovuka navyo la tatu,
vikichuruzika mbele ya ubao
vidimbwi viwili, kimoja kwa kila mguu.