Dakika ya Pili, Sekunde ya Kumi na Nne

Kosa lina haya kama mwari:
ukilitazama kwa macho matupu, linakuchekea;
ukiwasha mtambo wa kurekodi, linajifunika gubigubi.

Siku ya tatu leo, hapa Łódź, ghorofa ya nne,
naliviziа kosa moja dogo kwenye programu ya tiketi za tramu.
Abiria anabonyeza Lipa, na Lipa inakikwepa kidole,
inateremka unene wa kucha,
naye anajikuta amebonyeza Futa.
Watu kumi na mmoja wameandika kulalamika.
Mmoja wao, bibi wa mtaa wa Bałuty, katumia maneno
ambayo sikujua mabibi huyajua.

Seweryn, mwandika msimbo, hasadiki.
“Kwangu inafanya kazi,” asema, ndiyo sala yake ya asubuhi.
“Niletee video. Bila video hakuna kosa.”

Basi nimechomeka waya, ule wenye plasta shingoni,
simu upande huu, kompyuta upande ule.
Simu ikauliza: Unaiamini kompyuta hii?
Nikajibu Naiamini, kwa wepesi
ambao sijawahi kumjibia binadamu.
Kioo kidogo kikafunguka ndani ya kioo kikubwa,
simu nzima imelala mle kama kiini ndani ya yai,
na kila nikigusa hapa, kule linatokea duara la kijivu,
alama ya kidole pasipo kidole,
ikitetemeka.
Sikujua kwamba natetemeka.

Nukta nyekundu.
Chagua kituo. Chagua saa. Lipa.
Inalipa. Imetulia tuli, kama mtoto mbele ya mgeni.
Zima, washa, anza tena. Inalipa.
Chai imepoa kwenye glasi.
Nina tiketi arobaini za majaribio
za kwenda mahali nisipokwenda.

Ndipo juu ya kioo ukashuka ukanda mweupe,
dada yangu Jagna, kutoka nyumbani Sieradz:
Baba ameanguka tena bafuni.
Ananiita kwa jina la mama.
Na Lipa ikateremka. Unene wa kucha.
Na kidole changu, kilichokuwa njiani tayari,
kikafuta kila kitu.

Nimeirudisha nyuma nikaitazama mara tisa.
Dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne.
Ni ukanda unaokisukuma kitufe:
kosa hili haliji mpaka habari ifike.
Yule bibi wa Bałuty, sijui naye alikuwa akiletewa nini.

Nimejaribu kuyafunika maneno kwa mstatili mweusi.
Mstatili unakula na ukingo wa ukanda,
na bila ukingo kitufe kinaruka chenyewe, kama chenye pepo,
na Seweryn atasema simu yangu mbovu.
Ningeweza kumwomba jirani wa meza aniandikie upuuzi,
mistari miwili tu, nirekodi upya, safi.
Vidole vimekataa.
Mwaka mzima humu ofisini nimesema baba hajambo.
Mficha maradhi kilio humuumbua;
mimi nimeumbuliwa na kitufe.

Nimetuma kama ilivyo.

Seweryn yuko meza ya tatu kutoka yangu. Hakugeuka.
Vidoti vitatu vikacheza, vikapotea, vikarudi.
“Nimeona.”
Kisha: “Kitufe nitakitengeneza leo.”
Kisha, baada ya muda mrefu kwa mtu aandikaye upesi vile:
“Treni ya Sieradz ni saa kumi na mbili na dakika nane.”

Nimechomoa waya. Simu ina joto la mkate.
Kwenye tramu ya kwenda stesheni nimefungua programu ileile,
nimechagua kituo, nimechagua saa,
na kidole nimekiacha hewani,
nikingoja kwanza kama kuna kitakachoshuka.